Unatoka Malindi kwenda mazishi ya kiongozi? Jipange hivi

Sisi huku mtu akifa asubuhi, alasiri ashazikwa, lakini ikija kwa mazishi ya serikali tunalegea tunasema bado kuna siku. Zipo wakati mwingine, Rais mstaafu Moi alifariki tarehe 4 Februari 2020 akazikwa Kabarak tarehe 12. Lakini Raila Odinga, aliyekuwa waziri mkuu, alifariki India tarehe 15 Oktoba 2025 na tarehe 19 jioni ashazikwa kwao Bondo, manake mwenyewe aliusia asicheleweshwe. Na kutoka hapa mpaka Bondo ni kama kilomita 1,000. Mie niliondoka Jumamosi jioni na basi la usiku nikijiona mjanja, mazishi nikayasikia Jumapili kwa redio ya matatu tukiwa Ahero, karibu na Kisumu, dereva kapunguza mwendo abiria wote kimya.

Kwa hivyo chagua sehemu MOJA. Ama Nairobi ukauage mwili ama kwao ukazike, usijaribu kuukimbiza msafara, mwili unapanda ndege wewe umekaa kwa matatu yasubiri kujaa. Na ratiba usiishike kama msahafu, Raila alikuwa aagwe bungeni, watu wakafurika mpaka uwanja wa ndege, ikabidi apelekwe uwanja wa michezo wa Kasarani.

Sasa umati, hapa usikilize vizuri. Dar tarehe 21 Machi 2021 watu walipokuwa wanamuaga Rais Magufuli Uwanja wa Uhuru, 45 walikufa kwa kukanyagana. Vaa raba ufunge kamba, ndala ziache nyumbani. Ukiingia tu angalia kwanza utatokea wapi, usikae karibu na ukuta wala uzio. Ukibanwa kunja mikono mbele ya kifua kama bondia, hapo ndo utapata pa kupumulia, usishindane na wimbi la watu, likitulia kidogo sogea upande, likija tena simama imara, likitulia sogea tena, mpaka utoke pembeni. Simu ikianguka iache, hata kama bado unailipia. Usiiname! Mtoto usimpeleke, ikibidi mwandikie namba yako mkononi kwa kalamu.

Mkobani weka leso mbili (moja ya jua na kukalia, ya pili utajifunika usiku, kanda ya ziwa mvua za jioni si mchezo), kitambulisho, maji, tende, na kabambe (simu ndogo ya vitufe) yenye chaji. Nauli ya kurudi iwe keshi, watu wakijaa pahali pamoja netiweki hukwama na M-Pesa inalala nayo.

Ukichelewa kama mie usigeuze njiani. Mie nililala Kisumu, asubuhi nikapanda matatu ya Bondo nikafika Kang'o ka Jaramogi, alikozikwa Raila. Watu walikuwa bado wanakuja kaburini lakini unapata pa kusimama, na mama mmoja akisikia nimetoka Malindi akanivuta mkono mpaka mbele kabisa.