Goti Linaloumia Tena na Tena: Mwongozo kwa Mchezaji wa Jumapili wa Goma

Katika timu za wakongwe zinazocheza mpira Jumapili asubuhi hapa Goma, ni nadra kukuta kikosi kisicho na mtu mmoja au wawili waliofunga bandeji gotini. Mtu huumia, hupumzika wiki mbili au tatu, maumivu yakipungua anarudi uwanjani, na haupiti muda goti lile lile limevimba tena. Wenzake humwambia kwamba ni umri, au ni uwanja, au ni bahati mbaya. Umri na uwanja vina sehemu yao, lakini kwa wengi sababu kubwa ni kwamba maumivu huondoka mapema kuliko udhaifu, nasi tumezoea kupima kupona kwa maumivu peke yake. Goti linapojaa maji, misuli ya mbele ya paja hushindwa kukaza sawasawa na huanza kusinyaa ndani ya siku chache, na inaweza kubaki dhaifu kwa miezi baada ya mtu kuacha kuchechemea. Anaporudi kucheza akiwa katika hali hiyo, mzigo ambao paja lingeubeba huangukia ligamenti, yaani kano zinazounganisha mfupa na mfupa, na gegedu, ule utando laini unaokinga ncha za mifupa. Maelezo yanayofuata ni kwa ajili ya mchezaji huyo, asiye na daktari wa timu, mwenye kazi na familia, na ambaye bado anataka kucheza.

Kumbuka jinsi ulivyoumia

Kabla ya kutafuta dawa, kumbuka kwa makini ulikuwa ukifanya nini ulipoumia na uvimbe ulianza saa ngapi, kwa kuwa mambo hayo mawili humsaidia mtabibu kuliko picha ya radio (eksirei), ambayo huonyesha mifupa lakini haionyeshi ligamenti. Ikiwa ulikuwa ukigeuka ghafla au ukitua kutoka hewani bila kuguswa na mtu, ukasikia kitu kikikatika ndani, na goti likajaa katika saa chache za kwanza, ligamenti ya msalaba ya mbele ndiyo inayofaa kushukiwa. Uvimbe unaochelewa hadi kesho yake, pamoja na maumivu kwenye mstari wa kiungo upande wa ndani au wa nje yanayozidi unapochuchumaa msalani, huelekeza kwenye menisko, yaani zile gegedu mbili zenye umbo la mwezi mchanga zinazokaa kati ya mfupa wa paja na wa muundi. Maumivu ya mbele, kuzunguka pia ya goti, yanayokuja unaposhuka ngazi au unapokaa muda mrefu ukiwa umekunja mguu nyuma ya pikipiki, mara nyingi hayatokani na kitu kilichokatika. Ni kiungo kinacholemewa kuliko misuli inavyoweza kukisaidia, na aina hii kwa kawaida hutii mazoezi.

Zipo hali ambazo hazingoji mazoezi. Ukishindwa kupiga hatua nne hata kwa kuchechemea, au kukunja goti hadi pembe mraba, au ukisikia uchungu mkali unapobonyeza pia ya goti au kichwa cha mfupa mwembamba upande wa nje wa muundi, nenda ukapigwe picha ya radio, maana huenda mfupa umevunjika. Goti lililokwama, lisilonyooka kwa namna yoyote, linahitaji daktari wa mifupa, kwa sababu kipande cha menisko huenda kimejikunja ndani. Shavu la mguu likivimba na kuuma siku chache baada ya jeraha, nenda hospitali siku hiyo hiyo, kwa kuwa huenda damu imeganda ndani ya mshipa. Nasisitiza zaidi jambo moja, kwa kuwa katika mji wetu ni rahisi kulipuuza: homa ikija pamoja na goti lililojaa na kuwa la moto, usiishie kununua dawa za malaria. Maambukizi ndani ya kiungo huharibu gegedu kwa siku chache, na matibabu yake ni ya haraka na ya hospitali.

Siku tatu za kwanza

Desturi yetu ni kukanda. Jioni ile ile ya kuumia, mzee mmoja wa mtaa huitwa, maji ya moto yenye chumvi hutayarishwa, na goti huvutwa na kusuguliwa hadi mtu alie. Nawaheshimu wanaofanya kazi hiyo, kwa kuwa wengi wao wana mikono yenye ujuzi, lakini joto na kusugua kwa nguvu katika siku mbili au tatu za mwanzo huongeza damu na uvimbe mahali palipokwisha kujaa. Waombe wangoje. Katika siku hizo funga bandeji ya kuvutika, isiyobana kiasi cha kutia ganzi vidole, inua mguu juu ya mito uwe juu ya usawa wa moyo, na tumia baridi ikiwa inakutuliza. Umeme ukikatika na barafu isipopatikana, pakiti mbili za maji baridi kutoka kwa wauzaji wa barabarani, zikifungwa ndani ya kitambaa na kuwekwa kwa dakika 10 hadi 15, zinatosha.

Kuhusu vidonge na sindano za diklofenaki, dawa ya kutuliza maumivu, ambazo famasi nyingi hutoa bila kuuliza, inatosha kusema kwamba hazijengi chochote ndani ya goti, zikitumika kwa muda mrefu huumiza tumbo na figo, na ubaya wake mkubwa kwa mchezaji ni kumruhusu kucheza juu ya kiungo kilichokuwa kikimwomba aache. Anayemeza kidonge kabla ya mechi amejiondolea onyo pekee alilokuwa nalo.

Usilale wiki nzima. Mara maumivu yanaporuhusu, kunja kitenge kama mto mdogo, kiweke chini ya goti, kisha kaza paja kana kwamba unataka kukibana kitenge kwenye sakafu. Hesabu hadi tano, legeza, urudie mara kumi. Fanya hivyo mara kadhaa kwa siku. Zoezi hili linaonekana dogo mno kuwa na maana, lakini kazi yake ni kuiamsha misuli iliyozimwa na uvimbe, na bila hatua hiyo yale yanayofuata huwa magumu.

Miezi ya kujenga nguvu

Hapa ndipo wengi wetu hupotea. Wiki ya tatu au ya nne goti halina kelele, mtu anatembea kutoka Katindo hadi Birere bila shida, naye anahitimisha kwamba amepona. Ukweli ni kwamba kazi haijaanza. Ukiweza, mwone kine, yaani mtaalamu wa mazoezi ya viungo, angalau mara moja au mbili akuonyeshe mazoezi na kusahihisha mwili wako; kituo cha Shirika la Umoja, kinachojulikana mjini kwa viungo bandia, kina pia ujuzi wa mazoezi ya viungo. Usipoweza kulipia vikao vingi, kazi yenyewe inafanyika nyumbani.

Anza kwa kuegemea ukuta huku magoti yamekunjwa kidogo, ukae hivyo sekunde 30 hadi 45, mara nne au tano. Zoezi hilo likizoeleka, kaa kwenye benchi na kuinuka bila kutumia mikono, kwanza kwa miguu miwili, baadaye kwa mmoja. Lala chali, kunja mguu mmoja, inua kiuno kwa kutumia mguu huo peke yake, ili nyonga na misuli ya nyuma ya paja ipate sehemu yake, kwa kuwa misuli hiyo huuzuia mfupa wa muundi usiteleze mbele na hivyo huisaidia ligamenti ya msalaba. Ongeza kusimama kwa vidole vya mguu mmoja, ukishika ukuta kidogo tu. Kwa kila zoezi la kuinuka na kushuka, raundi tatu za mara 8 hadi 12 zinatosha, siku tatu kwa wiki, na siku ya kupumzika katikati. Marudio ya mwisho yanapokuwa mepesi, ongeza uzito: bidoni ya lita 5 iliyojaa maji ni kilo 5, na kuhamia kwenye bidoni ya lita 10 ni maendeleo unayoweza kuyaona kwa macho. Kurudia kitu kile kile chepesi kwa miezi mitatu hakujengi misuli.

Zoezi ninalolithamini kuliko yote ni kushuka kwenye kidato. Simama kwa mguu ulioumia juu ya jiwe bapa au ngazi ya sentimita 15 hadi 20, teremsha mguu mwingine polepole hadi kisigino kiguse ardhi, kisha rudi juu. Mwombe mwenzako asimame mbele yako na kukupiga video kwa simu. Goti likiingia ndani kuelekea goti la pili, au nyonga ikianguka upande mmoja, umeona kwa macho kile kinachotokea kila unapogeuka uwanjani. Punguza kimo cha kidato, elekeza goti juu ya kidole cha pili cha mguu, na usiongeze kimo mpaka video ionyeshe mstari ulionyooka. Hakuna dawa ya kupaka inayoweza kufanya kazi hiyo.

Maumivu kidogo wakati wa mazoezi hayakatazi kuendelea. Kipimo kinachotumiwa na wengi ni cha 0 hadi 10: yasizidi 3 au 4, yawe yametulia kufikia asubuhi, na uvimbe usionekane. Kuhusu uvimbe, jifunze kuupima mwenyewe: lala mguu ukiwa umenyooka, pangusa kwa kiganja upande wa ndani wa goti kutoka chini kwenda juu mara mbili au tatu, kisha pangusa upande wa nje kutoka juu kwenda chini huku ukiangalia upande wa ndani. Pakijaa wimbi dogo, kuna maji, na mzigo wa jana ulikuwa mkubwa mno.

Wanaoambiwa kwamba ligamenti ya msalaba imekatika huingiwa na hofu, kwa kuwa upasuaji wa kuitengeneza ni ghali na wenye uwezo huvuka mpaka kuutafuta Kigali au Kampala. Ni vizuri wajue kwamba utafiti wa Sweden uliochapishwa mwaka 2010, uliowahusu watu wazima vijana 121 wenye jeraha hilo, uligawa wagonjwa katika makundi mawili: waliopasuliwa mapema, na walioanza na mazoezi wakiachiwa nafasi ya kupasuliwa baadaye. Hata baada ya miaka 5 matokeo ya makundi hayo hayakutofautiana kwa kiasi cha maana, na karibu nusu ya walioanza na mazoezi hawakuwa wamepasuliwa. Hiyo haina maana kwamba kila mtu anaweza kurudi kwenye mpira bila ligamenti hiyo. Goti linalokutoka na kukuangusha hata baada ya miezi ya mazoezi linazidi kuichana menisko kila linapotoka, na mwenye goti kama hilo ama atafute upasuaji, ama ahamie kuogelea au baiskeli.

Uwanja, viatu na kupasha mwili

Mji wetu umekaa juu ya lava ya volkano ya Nyiragongo, na viwanja vingi vya mitaa ni kokoto nyeusi zilizotandazwa juu ya mwamba. Kokoto huteleza chini ya kiatu, mwamba haupokei kishindo, na nyufa hunasa mguu wa kusimamia huku mwili ukigeuka. Viatu vyenye meno marefu machache vilitengenezwa kwa ajili ya nyasi laini. Kwetu chagua vyenye meno mafupi mengi ya mpira. Wachezaji wote wakitembea uwanjani kwa mstari mmoja kabla ya mechi na kutupa nje mawe yaliyolegea, watapoteza dakika tano tu.

Programu ya kupasha mwili ya FIFA 11+ huchukua dakika 20, haihitaji chochote zaidi ya mpira, na ina sehemu tatu: mbio za taratibu, mazoezi ya nguvu, usawa na kuruka, kisha mbio za kasi zenye kugeuka. Katika utafiti wa Norway uliochapishwa mwaka 2008, timu za wasichana walioifuata zilipata majeraha pungufu kwa karibu theluthi moja. Inafaa ifanywe angalau mara mbili kwa wiki. Anayecheza Jumapili peke yake afanye sehemu ya pili nyumbani katikati ya wiki. Unapogeuka uwanjani, piga hatua fupi fupi kabla ya kubadili mwelekeo, goti likiwa limekunjwa.

Lini urudi

Usirudi kwa sababu timu ina upungufu. Rudi goti linapokunjika na kunyooka sawa na la pili, likiwa halina wimbi la maji, na mguu ulioumia ukiweza angalau 9 kwa kila 10 za mguu mzima, katika kuinuka kwenye benchi kwa mguu mmoja na katika umbali wa kuruka kwa mguu huo huo. Pima pia mzunguko wa mapaja yote mawili kwa meta ya fundi cherehani, sentimita 10 juu ya pia ya goti. Kumbuka kwamba mguu mzima nao hulegea wakati wa mapumziko, kwa hiyo kuwa sawa na mguu uliodhoofika si ushindi. Ndiyo maana mazoezi hufanywa kwa miguu yote miwili. Aliyepasuliwa ligamenti ya msalaba asicheze kabla ya miezi 9, kwa kuwa utafiti wa Oslo na Delaware wa mwaka 2016 ulionyesha kwamba kila mwezi wa kungoja, hadi kufikia wa 9, ulipunguza kwa karibu nusu uwezekano wa kuumia tena.

Kusema «nitakaa golini tu» si njia ya kulipumzisha goti, maana golikipa huruka na kutua kuliko wengi. Anza kwa mazoezi ya pasi yasiyo na kugombania mpira kwa wiki mbili, kisha cheza dakika 20 za mwanzo wa mechi, wakati miguu bado haijachoka, na mwambie kapiteni mapema kwamba utatoka hata timu ikiwa nyuma. Ongeza dakika 10 kila Jumapili ambayo kesho yake asubuhi goti limebaki kavu. Likijaa, rudi nyuma hatua moja, endelea na kidato na bidoni, na mechi inayofuata itazame ukiwa pembeni.