Kurekebisha mguso kabla ya zoezi la kutoa maji ya uti wa mgongo

Zoezi hili hufanywa kwa miwani ya uhalisia pepe, na mkono wa roboti ndio unaomfanya mwanafunzi ahisi tishu kana kwamba anachoma kweli. Funga kitako cha mkono huo kwenye meza nzito. Meza ikitikisika, mwanafunzi atadhani amegonga mfupa. Rudisha kalamu, yaani ncha ya roboti inayoshikwa kama sindano, kwenye kishikio chake ili mashine ijue sifuri iko wapi, ndipo uvae miwani. Picha ya sindano ikipishana na kalamu iliyo mkononi hata kwa milimita 2, rudia.

Sasa kasi, na hapa ndipo wengi hukosea. Macho huridhika na picha 90 kwa sekunde, lakini vidole havidanganyiki: nguvu ihesabiwe mara 1,000 kwa sekunde. Ikishuka, mfupa hutetema mkononi kama simu iliyozimwa mlio. Usikimbilie kupunguza ugumu wa mfupa kwenye programu. Punguza kwanza pembetatu ndogo zinazochora umbo la tishu, maana ndizo zinazoichosha kompyuta.

Kisha choma polepole. Ngozi ikaze na kuachia, mafuta yawe laini, kano ya manjano, ile inayounganisha pingili za uti wa mgongo, ikatae, halafu ukinzani uporomoke ghafla. Ijaribu pia kuipeleka sindano kando ikiwa ndani: ikiyumba kama iko hewani, kizuizi cha pembeni hakijawashwa.