Fungua Robota: Namna ya Kukikagua Chama Kinachojiita cha Kijamaa

Nimekuwa karani wa chama cha msingi cha wakulima wa tumbaku huko Urambo kwa misimu 19. Siku ya soko mteuzi halitazami robota kwa nje, maana kwa nje kila mkulima hupanga majani yake mazuri. Anazamisha mkono hadi kiwiko, anachomoa fungu la katikati, analinusa, analifinya asikie kama limemwagiwa maji ili mizani ivutike, ndipo anataja daraja. Nimeona marobota yanang'aa kama dhahabu, kumbe katikati kuna majani yaliyoungua ndani ya bani, banda la kukaushia tumbaku.

Sasa nimestaafu, naishi Tabora mjini. Jumamosi moja mjukuu wangu wa kidato cha tano alikuja na daftari. "Shikamoo babu." "Marahaba. Umekuja kunisalimia au kuna shida?" Shida ilikuwa mdahalo wa shule kuhusu vyama vya kijamaa duniani. Alikuwa na majina 22 aliyoyatoa kwenye simu, na mbele ya kila jina ameandika "cha kijamaa" kwa kalamu ya wino. Nikamwambia, leta penseli na kifutio, haya marobota hatujayafungua. Tuliyoyafanya mchana ule unaweza kuyafanya wewe kwa chama chochote.

Anza kwa kuliweka jina pembeni. Mimi jina lilishaniaibisha. Mwaka 2011, kwenye kijiwe cha kahawa karibu na stesheni, redio ilitangaza kwamba chama cha Social Democratic kimeshinda uchaguzi Ureno. Nikasimama nikawatangazia wenzangu kuwa wajamaa wameibuka Ulaya. Fundi saa mmoja, mtu wa maneno machache, akaweka kikombe chini: hao walioshinda ni mrengo wa kulia, na waliopigwa mweleka ndio Chama cha Kisoshalisti. Alikuwa sahihi. Siku hiyo nililipia kahawa ya kijiwe kizima.

Ureno ni mzaha tu. Chama cha Hitler nacho kilikuwa na neno la ujamaa katika jina lake. Bunge la Ujerumani lilipopigia kura sheria ya kumpa madaraka yote, Machi 1933, wabunge 94 wa SPD, chama cha wasoshalisti wenyewe wa Ujerumani, ndio pekee waliosema hapana. Wakomunisti walikuwa wameshazuiwa kuingia bungeni. Miezi michache baadaye SPD ikapigwa marufuku. Kwa upande wa pili, Labour ya Uingereza na Chama cha Wafanyakazi cha Brazil havina neno ujamaa katika majina yao, na huwezi kuandika habari za ujamaa ukaviruka.

Kisha tafuta katiba ya chama. Usiridhike na ya leo, tafuta na ya zamani, uziweke sambamba. Labour ni mfano mtamu. Mwaka 1918 waliandika katika kifungu cha nne kwamba wanataka njia za uzalishaji zimilikiwe kwa pamoja, lakini neno ujamaa lenyewe halikuwamo. Mwaka 1995 kiongozi wao Tony Blair akakibadilisha. Umiliki wa pamoja ukaondoka, na kifungu kipya kikaanza kwa kutamka kwamba Labour ni chama cha kijamaa cha kidemokrasia. Mjukuu wangu alisoma mara mbili. "Babu, yaani neno limeingia siku mali ilipotoka?" Ndivyo. Hapo akafuta mstari wake wa kwanza.

SPD walifanya yao mwaka 1959 mjini Bad Godesberg: waliachana na Marx, wakaandika kwamba wanataka ushindani kadiri inavyowezekana na mipango kadiri inavyolazimu. Wahispania wa PSOE, chama cha wasoshalisti wa huko, waligombana hasa. Mwaka 1979 kiongozi wao Felipe González alitaka chama kiache kujiita cha Kimarx, mkutano mkuu ukakataa, akaachia ngazi. Miezi michache baadaye mkutano mwingine ukaitishwa, akarudi, na alichokitaka akakipata. Ugomvi wa namna hiyo ni dalili nzuri kwa mkaguzi, maana unaonyesha wanachama waliichukulia katiba yao kuwa kitu cha kweli. Ogopa chama kilichobadilika bila mtu kugombana.

Tena angalia kama katiba hiyo imeandikwa kwa hiari. India sheria ya uchaguzi inakitaka kila chama kinachosajiliwa kiahidi utii kwa misingi ya ujamaa, kwa hiyo hata chama cha BJP, ambacho hakuna anayekiita cha kijamaa, kimeandika. Na kwetu? Ibara ya tatu ya Katiba ya Tanzania bado inasema hii ni nchi ya kijamaa. Isome, kisha nenda dukani ukanunue sukari.

Swali la tatu ndilo ninalolipenda kuliko yote: kiongozi wa chama hicho haruhusiwi kumiliki nini? Vyama vingi vina kurasa nyingi kuhusu mali ya mabepari, lakini kuhusu mali ya viongozi wao havina hata mstari. TANU ilikuwa nao. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilisema kiongozi asiwe na hisa katika kampuni yoyote, asiwe mkurugenzi wa kampuni ya kibepari, asipokee mishahara miwili, asiwe na nyumba ya kupangisha.

Hilo la mwisho lilituingilia nyumbani. Baba alikuwa diwani, na alikuwa na vyumba viwili vya kupangisha mtaa wa Ng'ambo, kimoja akikaa fundi wa reli. Nilikuwa mtoto wa miaka 10, nimelala nimejifunika, ninasikiliza. Mama akasema, "Basi vyumba andika jina langu." Baba akanyamaza, kisha akamsomea gazetini: kiongozi maana yake ni mtu na mkewe, au mtu na mumewe. Mama akacheka mpaka akakohoa. "Kumbe na mimi ni diwani!" Asubuhi baba aliandika barua ya kuacha udiwani, vyumba akabaki navyo. Simlaumu, vilitusomesha. Lakini ona jinsi mstari mmoja ulivyomlazimisha mtu achague. Mwaka 1991 Halmashauri Kuu ya CCM ilipokutana Zanzibar na kuyalegeza masharti hayo, baba alikuwa bado hai, akauliza kama sasa atarudishiwa udiwani wake na malimbikizo ya posho.

Kwa hiyo katika daftari weka safu ya "miiko ya uongozi". Andika mwiko wenyewe ulivyo, usiandike kuwa upo tu. Mwaka 2015 chama cha ACT-Wazalendo walikuja na Azimio la Tabora wakisema wanalihuisha lile la Arusha. Likague hivyo hivyo, mstari kwa mstari.

Swali la nne: chama kilipopata serikali, mwaka wa tatu kilifanya nini? Mwaka wa kwanza ni wa ahadi na picha. François Mitterrand wa Chama cha Kisoshalisti aliingia Ikulu ya Ufaransa mwaka 1981, na mwaka 1982 akataifisha mabenki na makampuni makubwa ya viwanda. Fedha ya nchi ikashushwa thamani mara tatu, na Machi 1983 serikali ile ile ikageukia kubana matumizi. Ukikikagua chama chake mwaka 1982 utakipa daraja moja, ukikikagua 1984 utakipa jingine. Andika yote mawili, pamoja na kilichokisukuma. Chile ni kisa kingine kabisa. Salvador Allende, msoshalisti, alichaguliwa rais mwaka 1970, migodi ya shaba ikataifishwa mwaka 1971 kwa kura za wabunge wa pande zote, na tarehe 11 Septemba 1973 jeshi likampindua kabla hajatimiza mwaka wa tatu. Hapo acha nafasi wazi. Mjukuu wangu alitaka kuijaza kwa kukisia, nikamnyang'anya penseli.

Halafu uliza kama chama kinakubali kushindwa. Chama cha Kisoshalisti cha Senegal, cha marais Senghor na Abdou Diouf, kilitawala tangu uhuru hadi mwaka 2000, kikashindwa kwenye kura, Diouf akakabidhi. Katika jimbo la Kerala kule India wakomunisti waliingia serikalini kwa kura mwaka 1957, wakaondolewa na serikali kuu mwaka 1959, na tangu hapo wameshinda na kushindwa mara nyingi bila kuvunja sanduku. Suala la kura kwa sisi watu wa Tabora si geni: Januari 1958 TANU walikutana hapa wakabishana kama washiriki uchaguzi wa kura tatu, ule wa kumchagua Mwafrika, Mzungu na Mwasia kwa mpigo. Nyerere akawashawishi washiriki. Zuberi Mtemvu hakukubali, akaenda kuanzisha chama chake.

Kuhusu marafiki wa chama, usipoteze muda mwingi. Wengi wataangalia kama kimo katika Jumuiya ya Kimataifa ya Wasoshalisti, iliyoundwa upya Frankfurt mwaka 1951. Ni taarifa nzuri, lakini si cheti. Chama cha Rais Ben Ali wa Tunisia kilikuwa mwanachama, kikafukuzwa siku tatu tu baada ya yeye kukimbia nchi, Januari 2011. Cha Mubarak wa Misri kikafuata mwezi huo huo. Mtu anayemfukuza mgeni baada ya polisi kumchukua hajamfukuza.

Jua lilipozama daftari lilikuwa na safu tano, na majina 22 yalibaki 22, maana sikutaka afute chama, nilitaka afute maneno "cha kijamaa" yasiyo na ushahidi. Yalibaki kwenye majina tisa. Matatu kati ya hayo tulibishana mpaka bibi yake akaleta ugali akalifunga daftari mwenyewe.

Alipokuwa anaondoka akaniuliza, "Babu, na chama chako wewe?" Nikampa kadi yangu na katiba iliyokaa kabatini miaka mingi, jalada limeshakula mchwa. Akaichukua pamoja na penseli.