Kupaka Kabati Kuukuu la Chumbani na Kulipa Sura ya Kuchakaa

Anza na sabuni, msasa baadaye. Samani za chumbani hubeba mafuta ya mikono na polishi ya miaka mingi, na ukizipiga msasa kabla ya kuziosha unausambaza uchafu huo kwenye mbao. Matokeo yake rangi hujikunja na kuacha vijishimo vya duara. Toa droo, fungua vishikio, osha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, suuza, kisha acha ikauke usiku kucha.

Kama rangi iliyopo ni ya zamani sana, huenda ina madini ya risasi. Usiipige msasa mkavu kabla haijapimwa. Vumbi lake ni sumu, kwa watoto zaidi.

Msasa namba 120, halafu 180. Unaondoa mng'ao tu, hutafuti mbao. Futa vumbi kwa kitambaa chenye unyevu.

Sasa amua kitakachoonekana rangi ya juu ikikwanguliwa, maana hapa ndipo wengi hukosea: wanapaka praima (rangi ya kwanza ya kushikiza) nyeupe, wanakwangua, na badala ya mbao wanaona weupe. Ukitaka mbao ionekane, tumia praima ya shelaki (utomvu wa wadudu ulioyeyushwa kwa spiriti) isiyo na rangi. Ukitaka rangi mbili, paka praima ya kawaida, kisha rangi ya chini. Mahogani na mbao nyingine nyekundu hutoa madoa ya waridi yanayopenya rangi nyeupe hata ukipaka mikono (yaani tabaka) mitatu, shelaki huyazuia.

Rangi ya chini au shelaki ikikauka, sugua mshumaa mkavu, ili rangi ya juu isishike, pale ambapo mkono, goti au ufagio ungegusa: kona, kingo za droo, kuzunguka vishikio, chini ya miguu. Katikati ya mlango hapachakai, paache. Mikwaruzo iliyotawanywa sawasawa kila mahali ndiyo inayofichua uongo.

Paka rangi ya juu, ya maji, mikono miwili myembamba, ukiacha saa 4 katikati. Lita moja kwa kawaida hutosha kabati la droo nne. Pande za droo usizipake, zitakwama; reli zake zisugue mshumaa.

Subiri saa 24. Kwangua penye nta kwa kisu cha puti, kisha lainisha kwa msasa namba 220. Rangi ikijiviringisha kama tonge na kuziba msasa, bado mbichi. Iache siku nyingine. Ukikwangua kupita kiasi, chovya ncha ya brashi kavu katika rangi na uguse.

Malizia kwa vanishi ya maji isiyong'aa, mikono miwili, lakini kwanza futa mabaki yote ya nta kwa kitambaa kilicholoweshwa spiriti nyeupe (white spirit, ile ya kupunguzia rangi ya mafuta), kwani vanishi haishiki juu ya nta. Vanishi ya mafuta iepuke juu ya rangi nyeupe, itageuka manjano. Rangi hukomaa polepole kuliko inavyokauka, kwa hiyo usiweke taa wala vitu vizito juu yake kwa wiki tatu hivi.