Kabla ya kuhamishia skripti ya sheli kwenye mashine nyingine

Fundi anayehudumia kompyuta za ofisi na maduka mjini Tanga, kuanzia Chumbageni hadi Ngamiani, hukuta Ubuntu mahali pamoja, Mac mahali pengine na Alpine kwingineko (Ubuntu na Alpine ni aina za mfumo wa Linux); kwa hiyo kabla hajaandika chochote aamue skripti yake, yaani faili la amri zinazotekelezwa kwa mfululizo, itasomwa na sheli ipi, yaani programu ipi ya kusoma na kutekeleza amri, kama vile bash, dash au zsh. Ikiwa inahitaji bash, mstari wa juu uitaje bash waziwazi, na athibitishe kwamba imo huko iendako, maana Alpine kwa kawaida haiji nayo. Toleo nalo litazamwe: Mac bado huja na bash 3.2, ilhali safu (orodha za thamani chini ya jina moja) zenye funguo za maneno zilianza na toleo la 4.0. Akiandika #!/bin/sh, afuate kanuni za POSIX tu, yaani kiwango cha pamoja cha sheli za mifumo ya aina ya Unix, kwa sababu kwenye Ubuntu jina hilo huelekeza kwenye dash tangu mwaka 2006, na dash haina safu wala jozi ya mabano ya [[ ]] ya kupima masharti.

Jambo linalostahili uangalifu kuliko yote ni alama za nukuu. Tuseme kigeu (jina linalohifadhi thamani) kinachoitwa faili kimebeba jina "Mauzo Ngamiani.csv". Amri ya kufuta, rm $faili, ikiendeshwa na bash au dash, hukata jina hilo penye nafasi, ikaenda kufuta Mauzo na Ngamiani.csv, na kama kweli lipo faili jingine liitwalo Ngamiani.csv, ndilo litakalopotea. Zsh, ambayo ni sheli ya kuanzia ya Mac tangu mwaka 2019, haikati, hivyo kosa hilo hupita majaribio ya nyumbani bila kuonekana. Iandikwe rm -- "$faili", hata pale jina linapoonekana halina nafasi.

Kwa kuchapisha maandishi, badala ya echo -n au echo -e, ambazo sheli huzitafsiri tofauti, itumike printf. Amri ya sed -i, inayohariri faili palepale lilipo, nayo iepukwe, kwani ile ya Mac hudai kiambishi cha nakala ya akiba; matokeo yaandikwe kwenye faili la muda, kisha mv ilihamishe.

Ukaguzi uanze na shellcheck, programu inayotafuta makosa ndani ya skripti. Amri ya dash -n husaidia, lakini hukagua sarufi peke yake, na [[ huiona kuwa jina la amri ya kawaida na kuiacha ipite. Kwa hiyo skripti iendeshwe kikamilifu ndani ya dash, juu ya nakala za mafaili yenye nafasi katika majina, kabla fundi hajafunga safari ya kwenda kuiweka kwenye seva ya mteja wa Pangani.