Somo: Mtu akija maktaba na swali la maradhi, tuanzie wapi?

Somo hili ni la sisi tunaokaa mezani: maktaba za umma, za skuli, na hata zile za kabati mbili za vitabu. Anayetaka kitabu cha historia huuliza kwa sauti. Mwenye swali la maradhi huzunguka rafu, husubiri watu wapungue, kisha husema, "Nina jirani yangu, ana tatizo..." Wengi wetu hapo hukimbilia kompyuta kabla hatujajua tunatafuta nini.

Nitachukua mfano mmoja niende nao mpaka mwisho, kwa sababu ni wa kwetu Pemba na una mtego ndani yake.

Hatua ya 1: Lipate swali lenyewe

Mama anakuja: "Ati dawa ya damu inaua watoto?" Usimjibu ndiyo wala siyo. Msogeze pembeni, sitara kwanza, halafu muulize maswali yanayomwacha aseme. Kayasikia wapi? Anataka kuamua jambo gani? Mtoto ana umri gani? Kapimwa damu, au kafunuliwa jicho tu na mtu akasema "huyu hana damu"? Kama ana kadi ya kliniki au chupa ya dawa, mwombe akuonyeshe akipenda. Jina unalolitaka ni la dawa yenyewe, ambalo mara nyingi limo kwa herufi ndogo chini ya jina la biashara. Ukitafuta kwa jina la biashara utaangukia kwenye matangazo.

Baada ya dakika chache swali limeshakuwa jingine: mtoto ana miaka miwili, amepimwa hospitali, ana upungufu wa damu, kaandikiwa dawa ya madini ya chuma, na shangazi mtu anamkataza mama asimpe. Hilo sasa linatafutika.

Lakini kama katika mazungumzo unasikia mjamzito anaumwa kichwa sana na macho yanaona ukungu, mtoto hanyonyi au anatapika kila kitu, au mtu kapinda mdomo ghafla, acha kutafuta. Muulize atafikaje hospitali, iwe Chake Chake, Wete au Abdalla Mzee kule Mkoani, na umsaidie kupata gari.

Hatua ya 2: Anzia penye lugha nyepesi

Kosa la wanaojua kompyuta ni kuanza na tafiti. Anza na MedlinePlus, ya Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani: ni bure, haina matangazo, na ina baadhi ya karatasi za kumsomea mtu kwa Kiswahili. Angalia pia kurasa za Shirika la Afya Duniani na miongozo ya Wizara ya Afya. Hapo utapata picha ya jumla na maneno ya Kiingereza ya kutafutia mbele.

Kisha nenda Cochrane. Hawa ni mtandao wa watafiti ambao tangu 1993 hukusanya majaribio yote ya jambo moja, wakayapima ubora, wakaandika na muhtasari wa lugha ya kawaida. PubMed iwe ya mwisho. Ni ghala la mtandaoni la makala za tiba, na ghala hupokea kila kitu: utafiti wa panya, barua kwa mhariri, na jaribio la maelfu ya watu, vyote vimepangwa pamoja. Makala kuwemo PubMed si muhuri wa ukweli. Ukikuta makala ya kulipia na taasisi yako imesajiliwa Hinari, mpango ulioanzishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2002 kwa nchi kama zetu, huenda ukaifungua bila malipo.

Hatua ya 3: Nani, wapi, lini

Shangazi hakuzua. Mwaka 2006 jarida la The Lancet lilichapisha jaribio kubwa lililofanyika hapa hapa Pemba. Watoto wa miezi 1 hadi 35 walipewa kila siku madini ya chuma na foliki asidi, wengine wakiongezewa zinki, wengine wakipewa vidonge visivyo na dawa. Mwaka 2003 makundi yaliyopewa chuma yalisimamishwa, kwa kuwa watoto wake walielekea zaidi kulazwa au kufariki, kwa asilimia 12 ukilinganisha na wenzao.

Mkutubi mwenye haraka ataishia hapo na kumwambia mama aimwage dawa. Soma zaidi.

Nani? Watoto walipewa kwa jumla, bila kwanza kupimwa nani anapungukiwa. Ndani ya jaribio hilo kulikuwa na kundi dogo lililopimwa damu, na malaria yao ikifuatiliwa na kutibiwa. Humo, wale waliokuwa na upungufu wa chuma na wa damu walinufaika na dawa hiyo hiyo. Mtoto wa mama huyu amepimwa.

Wapi na lini? Pemba ya wakati ule ilikuwa na malaria kali. Dawa mseto za malaria zilianza kutumika Zanzibar mwishoni mwa 2003, vikafuata vyandarua na upigaji dawa majumbani, na malaria ikapungua sana, ingawa haijatoweka. Mapitio ya Cochrane ya 2016 yanasema chuma hakiongezi malaria pale penye kinga na matibabu yake. Pasipokuwa na huduma hizo, huenda kikaongeza.

Na ile asilimia 12 ielezwe vizuri. Haina maana kwamba katika watoto 100 walikufa 12. Maana yake, palipokuwa na matukio 100 kwa wasiopewa, kwa waliopewa yalikuwa kama 112. Mtu akisikia asilimia tupu hushtuka bure, na magazeti yanajua hivyo.

Hatua ya 4: Kabidhi, usihukumu

Sisi si madaktari. Mama aondoke na karatasi moja: nini kimepatikana, kimetoka wapi, cha mwaka gani, na maswali mawili matatu ya kumuuliza aliyeandika dawa. Kwa mfano: mtoto apimwe malaria kabla ya kuendelea? Atumie kwa muda gani? Lini arudi kupimwa damu? Mwambie asiisimamishe wala asiizidishe kabla ya kuuliza. Shangazi naye akitaka, aje asomewe. Mara nyingi yeye ndiye mwenye uamuzi nyumbani.

Maswali ya wanachama

*Mkutubi wa skuli, Micheweni: Maalim, shikamoo. Mzee mmoja ameacha dawa za sukari, anatumia habbasoda tu. Nikimpa makala ataniona naibeza dini.*

Marahaba mwanangu. Usigeuze meza ya maktaba kuwa darsa. Muulize kama anataka kujua habari za habbasoda pamoja na dawa, au badala ya dawa. Hayo ni maswali mawili. Zipo tafiti ndogo zinazoonyesha inashusha sukari kidogo. Hizo si sababu ya kuacha dawa, na akivitumia vyote viwili bila daktari kujua, sukari inaweza kushuka kupita kiasi. Mtafutie hayo, umwombe amwambie daktari wake anachokitumia. Wazee wengi hawasemi kwa sababu hawaulizwi.

*Msaidizi wa maktaba, Mkoani: Mvuvi kaniuliza kama nyama ya kasa ikichemshwa sana sumu inatoka. Nifuate hatua zote nne?*

Hapana, hapo mjibu papo hapo: haitoki. Mwezi Machi 2024 kisiwani Panza walifariki watu tisa baada ya kula kasa, wanane kati yao watoto. Sumu hiyo haiondoki kwa moto, haina dawa ya kuivunja, na kumtazama kasa hakukwambii kama anayo. Hatua nne ni za maswali ambayo jibu lake linategemea mtu na mahali. Hili halitegemei. Aliyekwisha kula apelekwe hospitali hata kama bado hajisikii kitu.

*Mwanachama, Wete: Kompyuta yetu ni moja na wasomaji hupokezana. Mtu akishatafuta habari za maradhi ya siri?*

Fungua dirisha la faragha kabla ya kuanza, na ukisahau, futa kumbukumbu za kivinjari akiwa bado amesimama hapo ili aone. Karatasi zilizochapishwa vibaya zichanwe. Msizigeuze kuwa za kuandikia upande wa pili. Na kwenye daftari la maswali andika "swali la afya", basi, bila jina wala shehia.