Jinsi ya kuzipa alama nyimbo za albamu moja (mimi nazichezesha ligi, nikiwa nasuka)

Kichwa cha rasta ndogondogo kwangu kinakula saa tano, nyingine sita. Albamu ya Arrival ya ABBA, lile kundi la Uswidi, ina dakika kama 33. Piga hesabu: mteja mmoja ataisikia mara tisa kabla hajainuka kwenye kiti. Ndiyo maana nasema msusi ana haki ya kutoa alama kuliko mtangazaji wa redio.

Saluni yangu iko Mwanga, hapa Kigoma. Albamu yenyewe niliirithi kwa baba mdogo, mtu wa reli, ikiwa kaseti isiyo na kasha.

Anza kwa kuhesabu wachezaji. Ilipotoka Oktoba 1976 ilikuwa na nyimbo kumi, tano kila upande. Matoleo ya CD ya baadaye yameongezewa nyingine, Fernando ukiwemo. Fernando naupenda mno, lakini kwenye hesabu hii hayumo. Andika majina kumi kwenye daftari. Mimi natumia la madeni, kurasa za nyuma.

Halafu hakikisha unachosikiliza ni kizima. Ile kaseti ilishawahi kutafunwa na redio kuelekea mwisho wa upande wa pili, pale penye Tiger, na sauti zilikuwa zinalegea kama za watu wanaosinzia. Miaka yote nikaupa 3. Siku nilipowekewa nyimbo zote kwenye flashi ndipo nikasikia kumbe ni wimbo wa mbio, wa mtu anayekunyatia mjini usiku. Nilikuwa nimewaonea wenzangu kwa kosa la mkanda.

Siku ya kwanza usitoe alama yoyote. Sikiliza tu, mara mbili tatu, kwa mpangilio wao wenyewe. Kisha uvuruge mpangilio huo, kwa sababu anayesimama nyuma ya Dancing Queen lazima aonewe. Anayesimama pale ni My Love, My Life, wa taratibu, Agnetha, mmoja wa waimbaji wao, anaimba kama mtu aliyeshika kitasa cha mlango asijue afunge au arudi ndani. Ukitoka kutikisa mabega ukakutana nao, utasema umepoa. Mimi niliusikiliza peke yake usiku mmoja, nachambua dagaa, nyumba nzima imelala. Dagaa wale nilikuja kuwamalizia asubuhi.

Sasa alama. Zamani nilichora safu nne: mdundo, sauti, maneno, vyombo. Nikajumlisha kwa uaminifu kabisa, Dum Dum Diddle ukaushinda Knowing Me, Knowing You kwa nusu alama. Nikajitazama kwenye kioo cha saluni, nikachana ule ukurasa.

Tangu hapo nachezesha ligi. Kila wimbo unakutana na wenzake tisa, mara moja tu, kwa hiyo mechi ni 45. Swali ni moja: chaji imebaki ya wimbo mmoja, unaweka upi? Jibu kabla hujafikiri. Sare hakuna. Usizimalize zote siku moja, masikio yanachoka na utaanza kujibu ovyo. Mechi tano kwa siku, siku tisa ligi imekwisha. Hesabu ushindi wa kila wimbo, ongeza moja, hiyo ndiyo alama yake. Asiyeshinda hata mechi moja atapata 1, na kwangu ni huyohuyo Dum Dum Diddle. Siombi radhi.

Mechi iliyonitesa ni Dancing Queen na Knowing Me, Knowing You. Kile kidole kinachoteleza kwenye piano mwanzoni mwa Dancing Queen, kila kikipita, mteja anatikisa kichwa na mstari wangu wa kugawa nywele unapinda. Nimeshafumua rasta kwa ajili ya wimbo ule. Lakini mama mmoja wa Ujiji, muuza mawese, Kiingereza hajui hata salamu, alisikiliza huo mwingine akaniuliza, "Mwanangu, hawa wanaachana?" Ndicho wanachoimba. Wimbo uliomfikia mtu bila mkalimani nikaupa ushindi; alama za mwisho wa ligi, 10 kwa 9.

Hapo kuna mtego. Watu wanauongezea alama kwa kuwa wanajua ABBA walikuwa jozi mbili za wapenzi, na zote mbili zilikuja kuvunjika. Mwaka 1976 walikuwa bado pamoja. Pima kilichoimbwa, yaliyowapata baadaye yaache nje ya daftari.

Money, Money, Money nao usiupime tarehe 28 mfukoni hamna kitu. Utaupa kumi.

Umebaki ule wa kumi, uliobeba jina la albamu. Hauna maneno, ni vyombo na sauti zinazopanda tu, na wengi wanauruka. Mimi pia nilikuwa nauruka, hadi siku yule mama wa mawese aliposinzia kitini, shingo imeniegemea tumboni, nami mikono imejaa nywele siwezi kugusa simu. Wimbo ukajipigia hadi mwisho. Ulipoisha akafumbua macho.

"Mbona umezima?"

Nilikuwa sijazima. Nikaurudisha kwenye ligi, ukashinda mechi sita.